Ramadhani siigusi sigara mchana kutwa. Mbona miezi mingine nashindwa kuacha?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, niko Tanga, nina duka la vifaa vya ujenzi. Navuta sigara tangu nikiwa na miaka 19, sasa hivi ni kati ya 15 na pakiti nzima kwa siku. Ya kwanza naivuta hata uso sijanawa. Kila Ramadhani nafunga mwezi mzima, mchana siigusi, na wala sioni taabu kubwa. Lakini nikijaribu kuacha mwezi mwingine, siku ya pili tu nagombana na wateja. Mara ya mwisho nilijikaza, nikawa naipoza hamu kwa kahawa barazani, vikombe hata kumi. Usingizi ukapotea, mikono ikawa inatetemeka, moyo unakwenda mbio. Siku ya tisa nikaanza kukohoa kuliko nilipokuwa navuta, nikaona mwili umeshazoea, nikarudia. Mke wangu anasema sina nia, maana ningekuwa nayo ningeacha kama ninavyoacha Ramadhani. Rafiki mmoja ananishauri nihamie ugoro, mwingine ile sigara ya kuchaji. Famasi walinitajia chingamu ya nikotini, nikaogopa: si sumu ileile? Na kwa miaka 25 niliyovuta, kuna faida gani tena ya kuacha?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na maneno ya shemeji, maana naona ndiyo yaliyokuchoma. Namwelewa. Anakuona ukikaa saa kumi na tatu bila sigara kwa siku thelathini, kisha Shawwal inaingia na moshi unarudi mchana kweupe. Lakini anachokiona Ramadhani si kuacha. Ni kuahirisha, na ubongo wa mvutaji unaijua vizuri tofauti ya mambo hayo mawili.

Ukipiga pafu moja, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hushika vipokezi fulani vya neva, navyo huchochea kuachiwa kwa dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili lina faida, lirudiwe. Kwa mtu aliyevuta miaka mingi, ubongo umeongeza idadi ya vipokezi hivyo kuliko vya asiyevuta. Nikotini yenyewe haikai: nusu yake hutoka kwenye damu kila baada ya saa mbili hivi. Piga hesabu. Ukivuta ya mwisho baada ya daku, adhana ya magharibi inapolia umebakiwa na karibu asilimia moja tu ya nikotini uliyoanza nayo. Kwa upande wa damu, kila siku ya mfungo unafika jioni ukiwa mtupu. Sasa mbona huoni taabu?

Reuven Dar, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, na wenzake walilifuatilia swali linalofanana na lako kwa wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Walilinganisha safari fupi, za saa 3 hadi 5 na nusu, na ndefu za saa 8 hadi 13. Ndani ya ndege hakuna kuvuta, kwa hiyo ungetegemea hamu ipande sawasawa kadiri saa zinavyopita. Haikuwa hivyo. Wahudumu wa safari fupi, ndege ilipokaribia kutua, walikuwa na hamu kali kuliko wenzao waliokaa angani muda uleule lakini bado wana saa nyingi mbele yao. Hamu ilikuwa inaifuata saa ya kutua. Matokeo hayo yalichapishwa 2010, na kila nikiwasikiliza wavutaji wanaofunga nayakumbuka.

Saa yako ya kutua ni magharibi. Asubuhi ya Ramadhani mlango umefungwa, hakuna mjadala ndani ya kichwa kuhusu kuvuta au kutovuta, na wanaokuzunguka wote wamefunga. Jichunguze mwaka ujao: nina hakika ukali wa maneno unaanza alasiri, si saa tatu asubuhi. Kisha unafuturu, unawasha, na sigara hiyo ni tamu kuliko zote, pengine hata kichwa kinazunguka kidogo. Vipokezi vilivyopumzika mchana kutwa vimerudi kuwa wepesi wa kuitikia. Kwa hiyo kila jioni ubongo unapewa somo lilelile la zamani, tena kwa nguvu zaidi, na kesho yake unaanza upya. Kilele cha arosto ya sigara huja siku ya pili na ya tatu bila nikotini kabisa. Umefunga Ramadhani nyingi, lakini ndani ya mwezi huo hujawahi kufika huko.

Mwambie shemeji na hili: kati ya watu 100 wanaoacha kwa kujikaza tu, bila dawa wala msaada, ni 3 hadi 5 ambao baada ya miezi sita hadi mwaka bado hawavuti. Hao 95 wengine si kwamba wote hawakuwa na nia. Nia ndiyo inayomfanya mtu aanze. Kumfikisha mwezi wa tatu kunahitaji vitu vingine pia.

Sasa nije kwenye hizo siku zako tisa, kwa sababu kuna jambo ndani yake lililonishtua. Arosto ya sigara naijua: hasira za karibu, kukosa utulivu, huzuni, njaa, usingizi wa vipande, akili kutotulia sehemu moja. Hayo ya kugombana na wateja ni yenyewe, na kwa kawaida hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Lakini nikotini huharakisha mapigo ya moyo. Ikiondoka, mapigo hushuka. Wewe moyo ulikwenda mbio na mikono ikatetemeka. Hiyo siilaumu arosto. Nailaumu kahawa.

Moshi wa sigara (moshi, si nikotini) una kemikali zinazolisukuma ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya kinachovunja kafeini. Mvutaji huivunja kafeini karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta, ndiyo maana wavutaji wengi wanaweza kunywa kahawa chungu mpaka usiku na wakalala. Ukiacha, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Wewe ukaacha sigara na papo hapo ukaongeza kahawa hadi vikombe kumi. Kwa mwili wako wa siku ya tano, hivyo vilikuwa kama vikombe ishirini. Usingizi hauwezi kuja hapo. Na mtu asiyelala, anayetetemeka, ambaye moyo unampiga kifuani, akiambiwa dawa ya yote hayo ni sigara moja, ataiwasha. Mimi mwenyewe ningeiwasha.

Kwa hiyo safari ijayo kata kahawa iwe nusu ya unayokunywa sasa kuanzia siku ileile unayoacha, na baada ya alasiri usinywe kabisa. Chai ya rangi nayo ihesabu. Tena baraza lenyewe lina mtihani wake: mkono umezoea kikombe upande mmoja na sigara upande wa pili kwa miaka 25, na kibiriti cha jirani kiko hapo. Sikwambii uwahame marafiki. Wiki tatu za kwanza kaa na wale wasiovuta, au nenda ukacheze bao mahali ambapo hukuzoea kuvutia.

Kikohozi cha siku ya tisa nacho mara nyingi kina maelezo mazuri tu. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia makohozi na uchafu kwenda juu, na moshi huvilemaza. Ukiacha vinaamka, vinaanza kusukuma kilicholala chini, nawe unakohoa zaidi kwa wiki kadhaa kabla ya kifua kuwa chepesi. Mwili haukuwa umeizoea sigara, ulikuwa umeanza kujisafisha. Hata hivyo sitaki ukichukue kikohozi chochote kwa maelezo hayo. Uvutaji huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu, nasi tunaishi mahali ambapo ugonjwa huo upo. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, uwe unavuta au umeacha, nenda ukapimwe makohozi. Hospitali za serikali hawatozi fedha kwa matibabu ya kifua kikuu, kwa hiyo usilisukume mbele kwa hofu ya gharama.

Chingamu ya nikotini, unauliza, si sumu ileile? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalobadilisha mambo kwa wagonjwa wangu wengi. Mwaka 1976 daktari wa Uingereza, Michael Russell, aliandika kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini wanachofia ni lami, ule uchafu mzito unaonata ulio ndani ya moshi. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 zinajulikana kusababisha saratani. Kuna kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kuna chembe zinazoharibu mishipa na mapafu. Nikotini ndiyo inayokufunga, hilo halina ubishi, na si kitu cha kumpa asiyevuta wala mtoto. Lakini uharibifu mkubwa kwa mvutaji unatoka kwenye kuchoma tumbaku na kuvuta moshi wake. Na sigara za mentholi nazo ni hayohayo, baridi yake kooni haipunguzi chochote.

Chingamu, na plasta ya nikotini inayobandikwa kwenye ngozi, vinakupa nikotini kidogo, polepole, bila moshi. Haifiki kwenye ubongo kwa sekunde kumi, kwa hiyo haikupi ule utamu, na ndiyo sababu ni rahisi kuziacha baadaye. Unagawa kazi: kwanza unaachana na moshi, mkono na baraza, huku vipokezi vikitulizwa, baada ya wiki kadhaa ndipo unaipunguza nikotini yenyewe. Huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa karibu nusu ukilinganisha na kujikaza, na ukichanganya plasta na chingamu matokeo huwa bora kuliko kutumia kimoja. Hiyo bado haifanyi kuwa muujiza. Wengi wanaozitumia hushindwa mara ya kwanza.

Kwa mtu anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku, kama wewe, kwa kawaida tunaanza na plasta ya miligramu 21 kila siku kwa wiki sita, kisha 14 kwa wiki mbili, kisha 7 kwa wiki mbili. Bandika juu ya mkono au kifuani, penye ngozi kavu isiyo na nywele, na ubadilishe mahali kila siku. Ndoto zikiwa za ajabu, ivue wakati wa kulala. Chingamu ni ya zile dakika ambazo hamu inapanda ghafla. Kwa kuwa ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa ya kuamka, unahitaji ya miligramu 4, ile ya 2 haitakutosha.

Na haitafunwi kama ya watoto! Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, kisha wanasema haifanyi kazi. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali, iegeshe kati ya shavu na fizi mpaka ukali upungue, kisha tafuna tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Nikotini inaingilia kwenye ngozi laini ya mdomo. Ukiitafuna mfululizo unaimeza na mate, unapata kwikwi na kiungulia, na ubongo haupati kitu. Dakika 15 kabla yake usinywe kahawa, soda wala juisi, kwa sababu tindikali huizuia nikotini kupenya. Ramadhani, chingamu ni ya usiku tu. Kuhusu plasta mchana wa mfungo, muulize sheikh wako.

Zipo pia dawa za vidonge ambazo daktari huandika. Vareniklini hushika vipokezi vilevile lakini huviamsha kidogo tu, hivyo arosto inapungua na sigara ukiivuta inakuwa haina utamu. Bupropioni inasaidia, lakini hapewi mwenye kifafa. Sitisini inatokana na mmea na imetumika Ulaya Mashariki tangu miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani liliiweka nikotini ya tiba kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, likaongeza vareniklini na bupropioni 2021, na mwongozo wake wa 2024 unazipendekeza zote nne. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu, najua. Duka la dawa la mtaani usilitegemee, anza na famasi kubwa na hospitali ya mkoa. Ukiona bei inatisha, kaa uhesabu fedha za pakiti unazonunua kwa wiki kumi kabla ya kuamua kwamba ni ghali.

Ugoro, hapana. Rafiki yako anakutakia mema, lakini tumbaku isiyo na moshi husababisha saratani ya mdomo, na ugoro wetu huchanganywa na magadi, ambayo hufanya nikotini ipenye upesi. Unaweza kuukuta ni mgumu kuuacha kuliko sigara. Shisha sitaipotezea maneno, ni moshi, tena mwingi zaidi.

Sigara ya kuchaji inahitaji jibu refu kidogo, kwa sababu wataalamu wenyewe wanavutana. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba kwa mvutaji wa sigara inaweza kumsaidia kuacha, hata zaidi ya plasta, na mvuke wake una sumu chache kuliko moshi. Madaktari wa Uingereza huipendekeza kwa wavutaji. Shirika la Afya Duniani haliiungi mkono. Wasiwasi wangu kwako ni kwamba zile zinazouzwa mitaani kwetu hujui kilichomo wala kiwango cha nikotini, na wengi wanaishia kuzitumia zote mbili, ya kuchaji dukani na ya moto barazani. Kama plasta na dawa vimekushinda kabisa, tuzungumze. Isiwe ya kwanza.

Na usifikiri kupunguza hadi moja au mbili kwa siku kutatosha. Mtu anayevuta sigara moja tu kwa siku bado anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyonayo anayevuta 20. Moyo haupunguziwi kwa hesabu ya moja kwa moja. Vilevile, waliochagua siku na kuacha mara moja walifanikiwa zaidi kuliko waliopunguza kidogo kidogo, katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2016.

Basi chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo, uwe umeshapata plasta kabla yake. Usiisubiri Ramadhani kama iko mbali. Ikiwa karibu, itumie, lakini ujue vita vyako viko baada ya futari na baada ya daku, mchana ulishaushinda zamani. Fuatisha futari na swala au matembezi, popote ambapo mkono hauna desturi. Hamu kali hudumu dakika chache tu kisha inashuka, hata usipoipa kitu. Ukiteleza ukavuta moja, plasta ibaki mkononi na uendelee siku ileile, usijiambie umeshaharibu ukamaliza pakiti. Uzito utaongezeka, wastani ni kilo nne hadi tano kwa mwaka wa kwanza, na kwa moyo wako bado ni biashara yenye faida.

Umechelewa? Richard Doll na Richard Peto waliwafuatilia madaktari wanaume 34,439 wa Uingereza kwa miaka 50, kuanzia 1951. Waliovuta maisha yao yote walikufa wastani wa miaka kumi mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 40 waliokoa takriban miaka tisa kati ya hiyo kumi, walioacha wakiwa na 50 waliokoa sita, na hata wa miaka 60 waliokoa mitatu. Wewe una 44. Hatari ya ziada ya moyo hushuka hadi karibu nusu ndani ya mwaka mmoja. Ile ya saratani ya mapafu huchukua kama miaka kumi kufika nusu.

Kabla ya siku hiyo nenda hospitali ukapime presha na sukari, kwa miaka yako na pakiti zako unahitaji vipimo hivyo hata usingekuwa unaacha. Mweleze daktari idadi ya sigara, muda wa ile ya kwanza, na kila dawa unayotumia. Teofilini ya pumu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huvunjwa na kimeng'enya kilekile cha kafeini, hivyo mtu akiacha kuvuta dozi inaweza kuwa kubwa mno. Na kwa anayechoma insulini sukari inaweza kubadilika. Usisubiri siku yoyote ukikohoa damu, ukikonda bila sababu, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, au moyo ukiendelea kwenda mbio hata baada ya kukata kahawa. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Na huzuni ikiwa nzito kiasi cha kuwaza kujidhuru, mwambie shemeji akusindikize kwa daktari siku hiyohiyo.

Ukishapata plasta niandikie ni ya miligramu ngapi waliyokupa, tupange wiki zako.